Nyekundu Ndiyo Huchujuka Kwanza

Picha ni ya mtoto wa miaka sita aliyesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mhimili wa mlango, mwingine umefumbata kitu ambacho mchoraji hakukionyesha. Mtoto ni mimi. Mchoraji ni mama yangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilining'inia mkabala na dirisha, na mwaka hadi mwaka gauni langu likachujuka bila yeyote kutambua, kwa sababu jicho linalokiona kitu kila siku halioni kinavyobadilika. Mwishowe lilibaki na rangi ya maji yaliyosuuzia brashi. Kivuli cha buluu kilichoanguka sakafuni hakikupungua hata kidogo. Nilikua nikiamini kwamba gauni lile lilikuwa la waridi hafifu tangu mwanzo.

Mwaka jana, wiki chache baada ya kumzika Mama, tuliishusha na kuitoa karatasi kwenye fremu. Chini kabisa, pale kadibodi ya pembeni ilipokuwa imeufunika upindo wa gauni, kulikuwa na ukanda wenye upana wa kidole ambao haukuwahi kupigwa na mwanga. Ulikuwa mwekundu. Mwekundu wa kumfanya mtu arudi nyuma hatua moja.

Siku za msiba sikulia sana. Kulikuwa na watu na mambo ya kupanga. Nililia mbele ya ule ukanda.

Angekuwepo angenieleza sababu, tena kwa furaha, maana alipenda kueleza rangi zilivyotengenezwa kuliko anavyopenda mtu kusimulia habari za jamaa zake. Nyekundu ile ni alizarini. Zamani ilitolewa kwenye mizizi ya mmea. Mwaka 1868 wakemia wawili wa Ujerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, wakaiunda maabara kutokana na kitu kinachopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe, nayo ikaingia kwenye visanduku vya wachoraji kila mahali. Ni nzuri mno, na haivumilii mwanga. Katika rangi za maji, ambako chembe za rangi hutandazwa nyembamba juu ya karatasi na kushikwa na utomvu wa mgunga tu, haina pa kujificha. Mama alijua hayo baadaye. Aliponichora alikuwa bado kijana, na alitumia kisanduku alichokuwa nacho.

Aliwahi kusimama Amsterdam mbele ya picha ambayo Vincent van Gogh alichora chumba chake cha kulala mwaka 1888. Kuta ni za buluu. Kwenye daftari lake la siku ile hakunakili kitanda wala viti. Aliandika tu: "Kuta zilikuwa zambarau hafifu. Alimwandikia mdogo wake hivyo. Nyekundu imeondoka, buluu imebaki." Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi mwaka huu.

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa mikutano. Watu husikia hivyo wakafikiria ndege na hoteli. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti masikioni, ukisikiliza lugha moja na kusema nyingine papo hapo, bila kumsubiri msemaji amalize. Utaratibu huo ulitumika kwa mapana mara ya kwanza kwenye kesi za viongozi wa Kinazi huko Nuremberg, Ujerumani, zilizoanza Novemba 1945, na hadi leo haujawa mwepesi. Wakalimani hukaa wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa kuwa akili ikipitishwa hapo huanza kukosea. Na asiyesema hapumziki. Humwandikia mwenzake tarakimu na majina, maana tarakimu ndizo hupotea kwanza sikioni.

Tumebaki na karatasi nyingi za vibanda hivyo. Katikati kuna namba kubwa kubwa alizomwandikia mwenzake, namba za tani na asilimia na miaka ambazo hakuna tena anayejua zilihusu nini. Pembezoni kuna mikono. Hakuwahi kuchora nyuso za wenzake kibandani. Alichora mikono yao: inayofinya kitambaa, inayokata hewa, inayotafuta kitufe cha sauti bila macho kuangalia. Ukinionyesha mikono hiyo hamsini nitakuambia ni yupi alikuwa amechoka.

Mkutano ulipoisha Ijumaa, yeye aliomba tiketi ya kurudi ya Jumapili. Siku hizo mbili zilikuwa zake. Alizitumia kutembea na kisanduku cha rangi kisichozidi kiganja, chupa ndogo ya maji, na daftari la karatasi nzito ya pamba. Geneva, penye chemchemi inayorusha maji mita 140 hewani, aliwachora watu waliokuwa wakikimbia manyunyu upepo ulipogeuka. Istanbul aliingia Hagia Sophia, jengo lililokamilika mwaka 537, na wakati kila mtu ameinua kichwa kutazama kuba, yeye alichora vizingiti vya mawe vilivyolika kwa nyayo. Makumbusho makubwa aliyapita haraka. Alichagua picha moja tu, akakaa mbele yake hadi walinzi wakamzoea.

Mahali alipokaa muda mrefu kuliko pote ni Kyoto, kwenye bustani ya mawe ya hekalu la Ryoan-ji. Mawe ni 15, yamewekwa juu ya changarawe nyeupe, na yamepangwa kwa namna ambayo ukikaa popote kwenye baraza yake, walau moja hufichwa na mengine. Mama aliichora mara sita, kila mara akisogea kidogo barazani. Picha sita, na katika kila moja mawe 14. Nyuma ya ile ya mwisho ameandika saa, upande uliokuwa unatoka mwanga, na maneno haya: "La kumi na tano lipo. Nimelihesabu nikitembea."

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema.

Kazi yake nilimsamehe mapema. Hata mtoto huelewa kwamba mzazi huenda kazini. Zile siku mbili ndizo sikuzielewa. Nikiwa na miaka kumi na moja nilichaguliwa kusoma shairi kwenye sherehe ya shule, siku ya Jumamosi, mbele ya wazazi wote. Mkutano wake ulikuwa Hispania na uliisha Ijumaa. Alirudi Jumapili jioni, nguo zikiwa na vumbi, uso umejaa furaha. Alikuwa Granada, ndani ya kasri la kale la Alhambra, akinakili maandishi yanayorudiwa ukutani mara isiyohesabika, yasemayo kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akakaa sakafuni kama kawaida yake, akafungua daftari ili tusogee, aanze: hapa upepo ulitoka huku, hapa paka alilala, hapa yule simba wa tatu kati ya wale kumi na wawili wa kwenye chemchemi ana sikio lililochakaa.

Nikamwambia sitaki kuona.

Hakugomba. Alilifunga daftari, akainuka, akaenda kuosha brashi. Na tangu siku ile hakunifungulia daftari mpaka nimwombe, nami sikumwomba hadi nilipopata mtoto wangu mwenyewe. Ndugu zangu waliendelea kukaa naye sakafuni. Mimi nilisikiliza kutoka chumba cha pili.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza: kwa nini hukurudi Ijumaa, Mama? Alifikiri kwa muda kabla ya kujibu. "Siku tano nilikuwa nasema maneno ya watu wengine, mwanangu. Nikisema 'mimi', ni mimi ya mtu mwingine. Nilihitaji siku mbili za kunyamaza, ndipo nirudi nyumbani nikiwa mtu." Nilimwamini. Ni kweli kwamba mkalimani husema "mimi" akimaanisha msemaji. Ndiyo kanuni ya kazi yao. Nilimwamini, na bado ningependa angekuwepo Jumamosi ile. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili na nimeona hayachaguliki.

Kitu alichotupa sote bila ubaguzi ni majina ya rangi. Alikuwa akisema Kiswahili kina rangi tatu tu zenye vivumishi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote zimeazimwa kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu iliyotufikia kwa Kiarabu. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu, na hubishana naye kwa kumtajia lugha zenye maneno mamia. Yeye aliona ni utajiri. "Ukitaja rangi kwa Kiswahili," alisema, "lazima uwe umekitazama kitu kwanza." Alipenda "damu ya mzee" kuliko majina yote ya nyekundu iliyoiva. Na palipokosekana jina alilitafuta: kijivu cha jivu la jana, rangi ya shingo ya njiwa, rangi ya chuma kilicholowa, kijani cha jani kwa upande wa chini. Majina hayo ameyaandika kwa penseli pembeni ya kila mchoro, na mshale mdogo ukionyesha ni ya wapi.

Binti yangu alipofikisha miaka minne, Mama alikuwa amestaafu. Ndipo akawa Bibi, na Bibi hakuwa yule mtu niliyemjua.

Alikuwa na mchana mzima. Alimkalisha mjukuu wake mezani, akaweka mbele yao glasi ya maji, na kwa dakika kumi hakuna kushika brashi, ni kutazama tu. Unaona nini? Maji. Maji si rangi, tazama tena. Mtoto akatazama tena, akaona dirisha limepinda ndani ya glasi, akaona mstari mweupe ukingoni. Hapo ndipo alipomfundisha jambo ambalo mimi nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na ushei, nimesimama na nguo za kufua mikononi: kwamba kwenye rangi za maji, weupe hauchorwi, huachwa. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukishaufunika haurudi, kwa hiyo kabla hujagusa chochote lazima ujue ni wapi hutagusa.

Niliona wivu. Sina sababu ya kuficha hilo. Nilimwangalia mwanangu akipewa saa ambazo mimi nilizihesabu nikiwa mtoto, na niliona wivu na shukrani kwa wakati mmoja, na mara nyingine niliondoka chumbani.

Kisha macho yake yakaanza kubadilika. Sisi tuliona kwenye karatasi kabla yeye hajaona. Anga lake likawa na umanjano, vivuli vyake vikawa vya kahawia, na vitu vyeupe alivyoviacha vyeupe akavirudia na kuvipaka, akisema havijapoa. Ilikuwa mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho huingia ukungu na kugeuka manjano, kisha kahawia, ikazuia mwanga wa buluu usipite. Na kwa kuwa huja polepole, mwenye jicho hudhani ulimwengu uko vilevile. Mchoraji Claude Monet naye alipatwa nao, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923, na picha zake za miaka ya kabla ya hapo zimewaka wekundu na kahawia kwa namna ambayo hazikuwahi kuwa. Mama alijua habari hiyo kwa urefu. Hakudhani inamhusu.

Aliyemwambia ni binti yangu, akiwa na miaka minane. "Bibi, mbona umeweka kijani angani?"

Mama akaishusha brashi. Akaitazama karatasi, akatazama nje, akaitazama tena karatasi. Mimi nilikuwa mlangoni na nilitaka kuingilia kati. "Basi niambie wewe," akasema. "Ni ipi?"

Mtoto hakusema buluu. Alitazama nje kwa muda, kama alivyofundishwa, akasema: "Ni ya shingo ya njiwa, Bibi. Ile ya chini, si ile inayong'aa."

Kwa karibu miaka miwili, kwa sababu za kiafya zilizochelewesha upasuaji, walifanya kazi hivyo. Mmoja aliona, mwingine alichora. Kila chombo cha rangi kilibandikwa karatasi yenye jina kwa mwandiko wa mtoto. Bibi alijua mkono wake uende wapi. Mjukuu alijua iwe rangi gani. Na kati yao yalipita yale majina ambayo Mama alikuwa ameyakusanya maisha yake yote pasipo kujua atakuja kuyahitaji kwa namna hii. Baada ya nusu saa Mama aliweka brashi chini. "Zamu yako imekwisha," alimwambia. "Mkalimani hapiti dakika thelathini. Kanywe maji."

Walipomfungua jicho la kwanza baada ya upasuaji alitazama shuka la kitanda kwa muda mrefu. "Kumbe buluu ni nyingi hivi," alisema, basi. Nyumbani aliziomba zile picha za miaka miwili, akazipanga sakafuni, akanyamaza. Alitaka kuzichana zile alizochora peke yake kabla ya kuambiwa, za anga la manjano. Binti yangu akazikusanya, akaondoka nazo, na hakuna aliyemwamuru azirudishe.

Baada ya mazishi tulihesabu madaftari 43 na karatasi zisizojalidiwa ambazo hatujamaliza kuzipanga. Kaka yangu alitaka vyote viingie kwenye masanduku ya karatasi isiyo na asidi na kufungiwa gizani, kwa sababu ndivyo vitakavyodumu. Yuko sahihi. Mdogo wangu alitaka tugawane na kila mtu atundike kwake, kwa sababu picha isiyotazamwa si picha. Naye yuko sahihi. Walibishana hadi wakaacha kupigiana simu kwa mwezi mzima, na mimi nikajificha kwenye madaftari. Nilisema napanga tarehe. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta majina yetu. Nilisoma nyuma ya kila karatasi: mwanga wa kushoto, upepo, karatasi imekauka mapema, kijivu cha jivu la jana. Mamia ya kurasa. Hatumo.

Tumo mahali pamoja. Katika daftari la Istanbul, baada ya vile vizingiti vilivyolika, kuna kurasa mbili zilizochorwa nyumbani kabla ya safari. Ni nyayo tatu, kila moja imezungushiwa penseli na mtoto aliyekuwa amesimama juu ya karatasi, pamoja na herufi ya kwanza ya jina lake. Alizibeba ili atununulie viatu. Nilikuwa nimevisahau viatu vile kabisa. Wangu ni unyayo wa kati, na kidole gumba kimesogea, kwa hiyo mstari umejirudia pale. Risasi ya penseli haichujuki.

Aliyemaliza ugomvi ni binti yangu, kwa kutukumbusha hadithi ambayo Bibi alimsimulia mara nyingi. Januari moja Mama alikwenda Edinburgh kwa fedha zake mwenyewe, bila mkutano wowote, safari pekee ya namna hiyo aliyowahi kufanya. Mkusanyaji wa sanaa aitwaye Henry Vaughan, aliyefariki mwaka 1899, aliliachia jumba la taifa la sanaa la Scotland picha 38 za rangi za maji za J. M. W. Turner, kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi Januari tu, mwanga wa mwaka unapokuwa dhaifu kuliko wakati wote. Miezi iliyobaki zikae gizani. Jumba lilizipokea mwaka 1900 na likalishika sharti. Mama alisimama mbele ya rangi zilizokuwa bado na nguvu baada ya zaidi ya karne moja, na alirudi akiwa amekasirika kwa furaha. "Alizipenda hata akakubali zisionekane miezi kumi na moja," alisema. Alirudia sentensi hiyo kwa miaka.

Basi tumekubaliana. Masanduku ya kaka yangu yamenunuliwa, na ndani yake mna karibu kila kitu. Kila nyumba ina fremu moja tupu kwenye ukuta usiotazamana na dirisha, na picha inakaa humo mwezi mmoja, kisha inarudi na nyingine inatoka. Alizarini ikishaondoka hairudi. Ipo buluu moja, ya Prussia, ambayo ikififia kwa mwanga huweza kurejea kiasi ikirudishwa gizani. Mama aliisifia kwa hilo kama mtu anayemsifia mgonjwa aliyepona. Gauni langu halitapona.

Lakini tulimwomba fundi wa fremu akate kadibodi mpya, pana kidogo, ili upindo uonekane. Kwenye fremu yangu picha ile hutoka Januari. Mwezi huo tuliuchagua kwa heshima ya safari yake, si kwa hesabu ya mwanga. Kwa siku 31 nilipita mbele yake asubuhi na jioni: mtoto mwenye gauni la maji ya brashi, na chini, kwenye upindo, mstari ule.

Usiku wa mwisho binti yangu aliishusha. Kabla ya kuitia sandukuni aliigeuza, akachukua penseli, na chini ya mwandiko wa Bibi yake, uliosema mwanga wa kulia na saa kumi jioni, akaandika tarehe. Kisha akachora mshale mdogo kuelekea chini na kunigeukia. "Tuiite nini, Mama?"

Nilimwambia atazame kwanza.